Miwani Ikivuliwa, Jicho Linakimbilia Puani: Kisa cha Mtoto Mwenye Makengeza na Uoni Mbali

Kisa hiki ni cha mtoto wa kiume aliyehudumiwa katika kliniki ya macho kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Tumwite Zuberi, na mama yake Mama Zuberi. Majina si yao, na mambo ambayo yangeweza kuwatambulisha yameondolewa. Nimekiandika kwa ajili ya wazazi, wauguzi wa kliniki za watoto na walimu wa chekechea. Mtoto huyu alipata tiba sahihi, tiba ikafanya kazi, na hata hivyo ilikaribia kutupwa kwa sababu ya jambo moja ambalo mama aliliona kwa macho yake nyumbani na hakuna aliyekuwa amemtayarisha kulitarajia.

Usuli

Zuberi ni mtoto wa pili kati ya watatu. Alizaliwa kwa wakati wake, uzito wa kawaida, alitembea na kusema kama wenzake. Baba ni dereva wa lori, hukaa safarini wiki kadhaa kwa mpigo. Nyumbani wanaishi pamoja na bibi mzaa baba, na katika malezi neno la bibi lina uzito. Babu, ambaye ni marehemu, alikuwa na makengeza tangu utotoni na jicho moja halikuwa likimsaidia kitu. Familia haikuwa na bima ya afya.

Hadi umri wa miaka 2 na miezi 10, hakuna aliyekuwa ameona kasoro machoni pa Zuberi. Mama alileta picha za simu za mwaka wake wa kwanza na wa pili, na katika zote macho yamenyooka. Hili si jambo dogo. Kengeza linaloanza katika miezi ya kwanza ya maisha na kengeza linaloanza mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu mara nyingi si ugonjwa mmoja, wala tiba yake si moja. Mzazi anayeweza kusema "hapa yalikuwa sawa, hapa yakaanza" amemrahisishia mtabibu nusu ya kazi.

Dalili zilivyoanza

Mtoto aliugua malaria, akawa na homa kali siku kadhaa. Alipopata nafuu, mama akaona kwamba akikaa kula, akiinamia sahani, jicho la kushoto linakimbilia puani. Akinyanyua uso na kutazama mlangoni linarudi. Mwanzoni ilikuwa jioni tu, mtoto akiwa amechoka. Baada ya miezi miwili ikawa kila anapotazama kitu cha karibu, kama simu, punje za mahindi au vifungo vya shati lake. Mama aligundua pia kwamba uani, kwenye jua kali, Zuberi hufumba jicho moja.

Bibi alikuwa na hakika kwamba homa imeingia machoni. Jirani akasema ni husuda. Shangazi akaleta neno ambalo ndilo lililochelewesha mambo kuliko yote: "Hayo ya ukoo, babu yake alikuwa nayo, atakua yatamtoka."

Homa ilikuwa na mchango, ila si kama bibi alivyodhani. Zuberi alikuwa na uoni mbali, yaani macho yanayolazimika kujikaza ili yaone vizuri, hasa vitu vya karibu. Hali hiyo ilikuwepo kabla ya malaria, na alikuwa akiimudu kwa kujikaza. Mwili ukidhoofika kwa homa, uwezo wa kuyazuia macho yasivutane hupungua, na kilichokuwa kimejificha kinajitokeza. Wazazi wengi hutaja ugonjwa fulani, kuanguka au kushtuka kuwa ndiyo siku makengeza yalipoanza. Siku wanaikumbuka vizuri, lakini chanzo kilikuwa ndani ya jicho siku zote.

Vituo viwili vya kwanza

Kwenye zahanati mama aliambiwa asubiri mpaka mtoto aanze shule, kwa kuwa "mtoto mdogo hapimiki macho." Hakuandikiwa rufaa.

Zuberi alipofika miaka 3 na miezi 3 alipelekwa dukani kwa muuza miwani. Alikalishwa mbele ya mashine, akaambiwa atazame picha ndani yake, karatasi ikatoka: plasi 1.50 macho yote mawili. Plasi ni alama ya lenzi za uoni mbali, na namba ikiwa kubwa uoni mbali ni mkubwa. Akatengenezewa miwani ya namba hiyo. Aliivaa kwa muda wa kama miezi miwili. Kengeza halikubadilika hata kidogo, miwani ikawekwa kabatini, na nyumba nzima ikaamini kwamba miwani imejaribiwa ikashindwa.

Hapa pana jambo la kitabibu ambalo kila mzazi wa mtoto mwenye makengeza anastahili kulijua. Lenzi iliyo ndani ya jicho la mtoto ni laini mno. Akiwa na uoni mbali, misuli ya ndani huikaza lenzi hiyo ili picha ikae sawasawa kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na anaifanya kazi hiyo hata akiwa anatazama ndani ya mashine. Kwa hiyo mashine inapima kile kilichobaki baada ya jicho kujikaza. Uoni mbali wenyewe unabaki umefichwa. Ili kuupata wote ni lazima misuli hiyo ilegezwe kwa dawa ya matone. Kipimo cha miwani ya mtoto mwenye kengeza la kuingia ndani kilichofanywa bila matone hakitoshi kuandikia miwani.

Vipimo kliniki

Alifika akiwa na miaka 3 na miezi 7. Mama alitoa simu kabla hata ya kuulizwa, akaonyesha picha aliyoipiga kwa mwanga wa kamera. Ni picha nzuri kwa kazi hii. Katika jicho la kulia nukta nyeupe ya mwanga ilikuwa katikati ya mboni. Katika la kushoto ilikuwa ukingoni mwa mboni, upande wa sikio. Watoto wengi wenye pua pana na ngozi iliyofunika pembe za ndani za macho huonekana kama wana makengeza na hawana. Kwao nukta hizo mbili hukaa mahali pamoja katika kila jicho. Kwa Zuberi hazikukaa pamoja.

Uwezo wa kuona ulipimwa kwa chati ya picha za nyumba, tufaha, duara na mraba. Zuberi alipewa kadi yenye picha hizo nne magotini, akawa anagusa inayofanana na aliyoonyeshwa kwa mbali, maana majina ya picha hakuyajali sana. Jicho la kulia lilipata 6/12, yaani linaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima la mtu mzima hukiona kwa mita 12, kipimo kinachokubalika kwa umri wake. La kushoto 6/36. Lilipozibwa la kushoto alitulia akaendelea na mchezo. Lilipozibwa la kulia alisukuma mkono wa muuguzi, akalia, akataka kushuka. Mtoto wa miaka mitatu hasemi "jicho hili halioni," ila kwa kuusukuma mkono ule alikuwa ameshasema.

Ukubwa wa kengeza ulipimwa kwa prizimu, vipande vya kioo vinavyopindisha mwanga: 30 akitazama mbali, 35 akitazama karibu. Macho yote mawili yalizunguka vizuri pande zote, kwa hiyo hapakuwa na mshipa wala msuli uliopooza.

Kisha likaja swali ambalo halikuwa la miwani: je, nyuma ya jicho kuna nini? Makengeza ni mojawapo ya dalili za retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto wadogo, ya pili baada ya mboni kuonekana nyeupe. Mtoto wa jicho, kwa maana ya ukungu kwenye lenzi, nao unaweza kuleta makengeza. Ndiyo maana daktari hakukubali kuzungumzia miwani kabla ya kupanua mboni na kuangalia retina ya kila jicho. Zote mbili zilikuwa salama. Mzazi akiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, kwa macho au kwenye picha ya simu, asisubiri hata wiki.

Macho ya Waafrika yana rangi nyeusi, na rangi hiyo huishika dawa, kwa hiyo matone ya kawaida ya kliniki wakati mwingine hayalegezi misuli vya kutosha. Daktari alichagua atropini ya asilimia 1, itiwe nyumbani kwa siku tatu kabla ya kurudi. Muuguzi alimfundisha mama kwa vitendo: tone moja, kisha kidole kibonyeze pembe ya ndani ya jicho karibu na pua kwa muda ili dawa isishuke kooni, kisha kunawa mikono. Chupa ifungiwe juu kabisa. Atropini ikinywewa na mtoto ni sumu. Aliambiwa pia kwamba mtoto akipata homa, uso ukawa mwekundu, mdomo ukakauka au akaanza kuweweseka, dawa isimamishwe na aletwe hospitali. Mama aliyaandika yote nyuma ya kadi ya kliniki.

Waliporudi, kipimo kwa retinoskopu, kifaa cha mwanga ambacho daktari hukitumia kupima namba ya jicho, kilitoa plasi 4.50 kulia na plasi 6.00 kushoto. Linganisha na ile karatasi ya dukani.

Kilichokuwa kikitokea ndani ya macho

Jicho linapojikaza kuona karibu, ubongo huyaamuru macho yote mawili yaelekee puani kwa wakati huohuo. Kujikaza na kuelekea ndani ni kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja: huwezi kumsogeza mmoja ukamwacha mwenzake. Daktari Mholanzi Franciscus Donders ndiye aliyeueleza uhusiano wa uoni mbali na kengeza la kuingia ndani, mwaka 1864, na maelezo yake bado ndiyo msingi wa tiba tunayotoa.

Mtoto asiye na kasoro hahitaji kujikaza akitazama mti ulio mbali. Akitazama kitabu kwa umbali wa sentimita 33 hujikaza dayopta 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, ndicho kinachoandikwa kwenye namba za miwani). Zuberi, kwa jicho la kulia, alihitaji dayopta 4.50 kuuona mti tu, na 7.50 kwa kitabu. Macho yaliyojikaza kiasi hicho yatakimbilia puani, hayana budi.

Kwa nini la kushoto? Kwa sababu macho hujikaza kwa kiwango kimoja. Alipojikaza vya kutosha jicho la kulia lipate picha safi, la kushoto lilibaki nyuma kwa dayopta 1.50, picha yake ikiwa na ukungu. Ubongo ukichagua kati ya picha safi na picha ya ukungu, na macho hayatazami mahali pamoja, huizima ile mbovu ili mtoto asione vitu viwiliviwili. Jicho linalozimwa kila siku katika miaka ya ukuaji hupoteza uwezo wake ingawa lenyewe ni zima. Hilo ndilo jicho vivu. Huenda ndilo lililompata babu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa miwani ya namba yote, plasi 4.50 na plasi 6.00, bila kupunguza. Mama alishtuka. Aliyekuwa na miwani ya 1.50 sasa anapewa 6.00? Mjomba wa mtoto, aliyekuja naye, aliomba ianze namba ndogo "ili azoee." Ombi hilo husikika sana, na kwa mtu mzima lina mantiki. Kwa mtoto mwenye kengeza la aina hii, kila dayopta inayopunguzwa ni dayopta anayobaki kujikaza nayo, na kengeza linabaki.

Wa pili ulikuwa kutofanya operesheni. Bibi, aliyesikia kwamba makengeza hukatwa, alitaka yakatwe yaishe. Lakini operesheni husogeza misuli ya nje ya jicho, haiondoi uoni mbali. Ukinyoosha kwa kisu macho ambayo miwani ingeyanyoosha, uoni mbali unabaki palepale, na macho yanaweza baadaye kukimbilia nje. Operesheni ina nafasi yake kwa kengeza linalobaki baada ya miwani ya namba yote kuvaliwa ipasavyo kwa miezi.

Wa tatu: kuziba jicho kusianze bado. Katika watoto wengi jicho vivu hupata nafuu kwa miwani peke yake katika miezi ya kwanza, na wengine hawahitaji kuzibwa kabisa. Kumpa mtoto wa miaka mitatu miwani na plasta ya jicho siku moja ni njia ya kuvikosa vyote viwili.

Fremu ilichaguliwa kwa makini: ya plastiki, ndogo, yenye vishikizo vya puani vinavyorekebishika, na mkanda wa mpira nyuma ya kichwa. Fremu nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa pua zenye mgongo mrefu. Kwa mtoto mwenye pua kama ya Zuberi huteleza mpaka nchani, naye akatazama juu yake, na tiba yote ikapita chini ya macho yake.

Wiki zilizokaribia kuharibu kila kitu

Lenzi za namba hiyo hazikuwepo mjini. Fundi wa mkoa mwingine alizitengeneza, mjomba akazipokea na kuzituma kwa basi. Kwa hiyo miwani ilifika nyumbani peke yake. Hapakuwa na mtu wa kumvalisha mtoto, kukagua inavyokaa, wala kusema kitu.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za furaha. Mama alituma picha: macho yamenyooka ndani ya miwani. Zuberi mwenyewe akawa akiamka anaitafuta.

Wiki ya tatu, mama alimvua miwani ili amwogeshe. Jicho likaingia puani mara moja, na kwa kina ambacho hakuwahi kukiona. Zamani lilikuwa linakwenda na kurudi. Sasa, bila miwani, lilikwenda likakaa. Bibi alishuhudia. Maneno yake, kama mama alivyoyasimulia baadaye, yalikuwa: "Mwanangu, miwani inamla macho huyu mtoto. Alikuja na kengeza dogo, mmempa kubwa."

Miwani ikawekwa kabatini pamoja na ile ya kwanza. Mama alisema alilia usiku ule, kwa sababu yeye ndiye aliyeshikilia kwamba mtoto apelekwe hospitali. Siku ya kurudi kliniki ikapita.

Aliyeokoa hali ni muuguzi aliyekuwa na mazoea ya kupigia simu watoto wa miwani wasiotokea. Alianza na bibi. "Shikamoo bibi. Nasikia umeona jicho limezidi." Hakumkatalia. Alimwambia kwamba alichokiona ni kweli na kwamba kilitarajiwa, akawaomba waje wote, na miwani waje nayo.

Kliniki, daktari alimkalisha bibi mahali anapouona uso wa mjukuu. Akampa Zuberi gari dogo la kuchezea lenye namba zilizochorwa ubavuni. Miwani ikiwa imevaliwa, mtoto alilitazama gari, macho yamenyooka. Ikavuliwa, jicho likaingia. Ikavaliwa tena, likatoka kabla hajamaliza kuisukuma puani. Akamwambia bibi afanye mwenyewe. Alifanya mara kadhaa, kimya, kisha akauliza: "Basi ni yeye anajikaza?"

Ndivyo. Kabla ya miwani, mtoto alikuwa ameridhika na ukungu mara nyingi, kwa hiyo hakujikaza kila saa na jicho lilikuwa linarudi. Baada ya wiki mbili za kuona vizuri, akivuliwa miwani anaitaka ile picha safi aliyoizoea, anajikaza kwa nguvu zote, na jicho linakwenda ndani kwa nguvu hizohizo. Miwani haikuongeza ugonjwa. Na kengeza kuonekana miwani ikivuliwa, kunyooka ikivaliwa, ni ushahidi kwamba namba ni sahihi. Miwani ya aina hii haiponyi kengeza likatoweka. Hulizuia kila dakika inapokuwa usoni.

Mama alikuwa na maswali mengine aliyoyabeba muda mrefu. Je, simu ndiyo iliyomharibu? Hapana. Simu ni kitu cha karibu, humfanya ajikaze, kwa hiyo kengeza huonekana akiishika, kama linavyoonekana akichambua punje za mahindi. Atavaa miwani maisha yote? Huenda. Uoni mbali wa watoto wengi hupungua kadiri jicho linavyokua, hasa baada ya miaka 6 au 7, na wapo wanaoacha miwani ujanani wakabaki na macho yaliyonyooka. Lakini mwenye plasi 6.00 mzazi asiahidiwe hilo. Akilala aivue? Ndiyo, na akioga. Vinginevyo kuanzia kuamka hadi kulala.

Matokeo

Zuberi alirudi kwenye miwani akiwa na miaka 3 na miezi 10. Miezi minne baadaye kengeza lake ndani ya miwani lilikuwa prizimu 4 mbali na 8 karibu, kiasi ambacho mtu wa kawaida hakitambui. Jicho la kulia 6/9. La kushoto lilikuwa limepanda kutoka 6/36 hadi 6/18 kwa miwani tu, kisha likasimama hapo katika vipimo viwili mfululizo. Hapo ndipo plasta ilipoanza, kwenye jicho la kulia, kwa muda wa saa 2 kila siku. Majaribio makubwa ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kwa jicho vivu la kiwango cha kati, saa 2 kwa siku huleta faida sawa na saa 6. Kwa mama mwenye watoto watatu tofauti hiyo ndiyo inayofanya jambo liwezekane. Mama alichagua saa za baada ya chakula cha mchana, plasta chini ya miwani, na kazi ya kutunga shanga kubwa kwenye uzi.

Kulikuwa na mapengo. Plasta ziliisha na dukani hakuna, mama akashona kitambaa cheusi cha kuvisha lenzi ya kulia ya miwani. Zuberi akachungulia pembeni. Mama akashona kingine chenye mbawa ubavuni.

Akiwa na miaka 4 na miezi 8 jicho la kushoto lilifika 6/9, la kulia 6/6. Saa za plasta zilipunguzwa polepole, kwa kuwa jicho vivu hurudi nyuma likiachwa ghafla. Mara ya mwisho alipoonekana kliniki alikuwa na miaka 5 na miezi 2, vipimo vimeshikilia, na katika kipimo cha kuona kina, yaani kipi kiko mbele na kipi nyuma, alitambua picha kubwa kwa kutumia macho yote mawili, ingawa zile ndogo hakuzipata. Huenda asizipate kamwe. Miezi mingi ambayo macho hayakufanya kazi pamoja iliacha alama yake.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni onyesho la kuvaa na kuvua mbele ya bibi. Maelezo ya kitabibu mama alikuwa ameshayapata siku ya kipimo, na aliyaelewa. Lakini maelezo hayo hayakuwa na nguvu ya kushindana na kitu kilichoonekana bafuni na watu wawili. Jambo lililoonekana kwa macho lilihitaji kujibiwa kwa macho. Na mtu aliyepaswa kuliona si mama peke yake. Kliniki nyingi huzungumza na aliyembeba mtoto, kumbe anayeamua kama miwani itavaliwa kesho yuko nyumbani anasubiri habari.

La pili ni simu ya muuguzi, na namna alivyoianza. Angeanza kwa kuuliza kwa nini hawakuja, angepata udhuru wa nauli na mazungumzo yangekwisha.

Kilichoshindwa kinaanzia mbali. Kauli kwamba mtoto mdogo hapimiki macho si kweli. Retinoskopu haihitaji mtoto aseme neno lolote, na hata mchanga wa miezi kadhaa anapimika. Macho ya mtoto mchanga yanaweza kupishana mara mojamoja katika miezi mitatu au minne ya kwanza. Baada ya hapo kengeza lolote, hata la kuja na kuondoka, linahitaji kuonwa na wataalamu wa macho. Hospitali za rufaa kama KCMC ya Moshi, Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam, au Kikuyu kwa walio Kenya, zina huduma hiyo, na karatasi ya rufaa ingekuwa imemfikisha huko Zuberi akiwa bado kwenye kengeza la jioni tu. Katika miezi tisa iliyopotea ndipo jicho la kushoto lilipozidi kuzimwa.

Miwani ya 1.50 ilikuwa na madhara kuliko kukosa miwani. Ilichukua fedha za familia, na vibaya zaidi, ilichukua imani yao. Bibi aliposema miwani inamla mtoto macho, nyuma yake ilikuwepo tayari miwani moja iliyoshindwa. Anayeuza miwani hana sababu ya kuona haya kumwambia mzazi: mtoto huyu ana kengeza, anahitaji matone kwanza, nenda hospitali.

Na miwani isitumwe kwa basi. Najua hali ilivyo, lenzi za namba hizo hazipatikani kila mji, na nauli ni pesa. Lakini siku ya kuvaa miwani kwa mara ya kwanza ni siku ya tiba kama ilivyo siku ya kuanza dawa. Kama haiwezekani mtoto kuja, basi miwani ipitie kliniki, ikaguliwe namba yake kwa mashine ya lenzi, na mzazi apigiwe simu kabla hajaifungua. Sentensi inayotakiwa ni fupi: "Ukimvua, jicho litaingia kuliko zamani, usiogope, mvalishe tena."

Shuleni mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyohofia, na sifa ni ya mwalimu wa chekechea. Siku ya kwanza mtoto mmoja alimwita "Kengeza." Mwalimu hakugomba. Alimwomba Zuberi awaonyeshe wenzake jinsi miwani inavyosafishwa, kwa maji na kitambaa laini, na tangu hapo ikawa kazi ya heshima darasani kumshikia Zuberi miwani anaponawa uso. Mwalimu huyo pia ndiye anayeangalia kama imeteleza. Familia imeshaweka akiba ya fremu ya pili, kwa sababu ya kwanza ilivunjika sikio moja na mtoto akakaa siku nne bila miwani huku waya ukitafutwa.

Uoni mbali na makengeza hutembea katika ukoo, kwa hiyo daktari aliomba kuwaona ndugu zake. Kaka mkubwa hana tatizo. Mdogo wake wa kike, mwenye miezi 14, alipimwa kwa matone akakutwa na plasi 3.00 macho yote mawili, macho yamenyooka. Kwa umri wake hahitaji miwani. Atapimwa tena baada ya miezi sita, na mama ameambiwa asisubiri tarehe hiyo akiona jicho linaingia wakati wa kula. Bibi amesema yeye ndiye atakayemwangalia, kila jioni, na picha ya simu atapigiwa na mjomba.